Piramidi Wakati wa Chai Mgodini

Wadogo zangu mnaomaliza vyuo mwaka huu, mtacheka mkisikia kwamba nimestaafu. Sijafika hata miaka thelathini. Lakini kazi niliyokuwa nayo imekwisha, na haikwisha kwa kufukuzwa. Imekwisha kwa sababu wanafunzi niliokabidhiwa wamefaulu wote na hakuna aliyebaki wa kufundishwa. Nimejaribu kuliangalia jambo hili kila upande, kama ilivyo kawaida yangu, nikitafuta sababu ya kujilaumu, na sijaipata. Basi nimeamua kujivunia, na kuwaandikia ninyi mnaozunguka na bahasha za vyeti mkidhani kazi ya ualimu iko shuleni tu.

Nilifundisha Wachina kusoma Kiingereza. Mahali penyewe ni mgodi mmoja wa ukubwa wa kati, si mbali na Rwamgasa mkoani Geita, wenye shimo la kushuka chini na mtambo wa kusaga mawe. Darasa langu lilikuwa kontena lililotobolewa madirisha nyuma ya jiko la wafanyakazi, kiasi kwamba somo la asubuhi lilinukia vitunguu. Wanafunzi walikuwa mafundi: wa pampu, wa winchi, wa umeme, wa kuchomelea. Vitabu vililetwa kwa katoni kutoka kwao, na vyote vilikuwa vya aina moja, mazoezi ya ufahamu juu ya historia na utamaduni wa dunia. Piramidi za Misri. Michezo ya Wagiriki wa kale. Mji uliojengwa juu ya maji. Safari ya chai kutoka China hadi mezani kwa watu wa mbali. Katika katoni nzima hapakuwa na hata ukurasa mmoja unaozungumzia pampu.

Mwanafunzi ninayetaka mumjue ni Bwana Liu. Alikuwa fundi wa winchi, ile mashine inayoshusha na kupandisha watu shimoni, na kwa miaka mingi alikuwa amesimamia zamu yenye Wachina na Watanzania kwa kutumia mikono, miluzi na Kiswahili cha vifaa: kaza, legeza, shusha, subiri. Kisha likaja agizo jipya la usalama. Hakuna atakayesimamia zamu ya mchanganyiko kama hawezi kusoma karatasi ya Kiingereza na kuwaeleza watu wake, kwa lugha wanayoielewa, kilichoandikwa humo. Atakayeshindwa atahamishiwa stoo ya vipuri.

"Stoo si kazi," Liu aliniambia siku agizo lilipobandikwa. "Stoo ni kukaa. Mimi nina watu chini."

Hilo neno, nina watu chini, lilininyima raha. Nilikuwa na shahada ya ualimu wa historia na Kiingereza, na sikuwa nimewahi kumfundisha mtu ambaye kufeli kwake kungemtoa kwa watu wake.

Nianze na kosa dogo ili mjue nilivyoanza. Siku ya kwanza nilisimama mlangoni nikiwaza: hawa wamenizidi umri, je, niwaamkie? Mwalimu anamwamkia mwanafunzi? Wakielewa vibaya? Mwishowe nikamwambia Liu, "Shikamoo." Akafurahi mno, akajibu, "Marahaba!" kwa sauti ya mtu aliyefunzwa. Nilijipongeza mpaka saa nne, alipoingia mlinzi wetu, mzee mwenye mvi, akasema, "Habari za asubuhi?" Liu akamjibu, "Marahaba." Akaja mpishi, Mama Neema, akauliza kama wanataka chai. "Marahaba." Vijana wa zamu yake ndio waliomfundisha kwamba hilo ndilo jibu la kila kitu, na kwa muda mrefu wazee wa kijiji walikuwa wakipita mbali na lango letu wakinong'ona kuhusu Mchina anayetaka kuamkiwa na watu wenye wajukuu.

Kosa kubwa lilikuwa la furaha zaidi. Katika wiki za mwanzo darasa langu lilipata alama zote. Nasema zote. Habari ya piramidi, wote sahihi. Habari ya mji wa majini, wote sahihi. Nilirudi chumbani nikitembea kama mtu aliyechaguliwa kuwa diwani. Ndipo mawazo yakaanza. Mbona wanamaliza haraka hivi? Mbona Liu, anayepata alama zote za Misri, nikimuuliza Misri iko wapi ananitazama kama nimemuuliza jina la mke wa mtu?

Nikawatungia habari yangu mwenyewe. Ilikuwa ya Kiingereza, yenye maneno ambayo hayapo duniani. Kwa Kiswahili ingekuwa hivi: "Wakaluzi walibwaga tindiri zao kando ya mto kwa sababu ya mbisho mkali." Swali: kwa nini Wakaluzi walibwaga tindiri zao? Darasa zima likajibu bila kusita: kwa sababu ya mbisho mkali. Sahihi, wote. Fundi umeme akaongeza mstari chini ya jibu lake kwa rula.

Hawakuwa wavivu, na naomba msiwacheke. Walikuwa wamefunzwa tangu utoto kusoma swali kwanza, kushika neno moja, kulitafuta neno hilo kwenye habari, kisha kunakili kilicho karibu nalo. Ni ufundi, na wanaujua kuliko sisi. Nasi pia tumepita humo. Nani kati yenu hajawahi kujibu "soma kifungu cha habari kifuatacho" bila kukisoma?

Nilimpigia simu Mwalimu Kabula, aliyenifundisha Kiingereza sekondari, ambaye sasa yuko kwake Samuye, Shinyanga, anafuga na kulima. Nilikuta anachambua karanga. Nilizisikia zikianguka kwenye beseni wakati nikimweleza matatizo yangu kwa mpangilio wa sura tatu na hitimisho.

"Mbuke," akanikatiza, "umemaliza?"

"Bado, mwalimu, kuna suala la nadharia ya..."

"Basi maliza mwenyewe baadaye. Wanaposoma, wanamsimulia nani?"

"Hawasimulii. Wanajibu maswali."

"Nyumbani kwenu mtu akitoka safari, mnampa karatasi achague herufi?"

Nilianza kumweleza kuhusu mitihani.

"Nakuuliza. Mjomba wako akitoka Kahama, mnamfanyaje?"

"Tunamkaribisha. Anapewa maji. Anaulizwa za huko."

"Anaulizwa nini?"

"Kila kitu, mwalimu. Mvua. Mifugo. Alilala kwa nani. Walikula nini."

"Na akidanganya?"

"Anakamatwa. Shangazi anauliza tena kwa njia nyingine."

"Ehee. Sasa niache, kuku wanakula karanga zangu."

Hiyo ndiyo mbinu yote, wadogo zangu, na sikuipata chuoni. Kwetu Usukumani mtu aliyetoka mbali haachwi akae kimya na safari yake. Ana deni la habari kwa waliobaki, na waliobaki wana haki ya kuichimba. Nikaamua kwamba kila atakayesoma habari kwenye kontena langu atahesabiwa kuwa ametoka safari.

Nilimwendea Shija. Huyu alikuwa fundi wa matimba katika zamu ya Liu, yaani anayesimika magogo ya kuzuia kuta za shimo zisianguke, na alikuwa na mdomo uliojulikana Rwamgasa nzima. Alianzia kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo kabla ya kuajiriwa, na alikuwa na tabia ya kugonga kila gogo kwa kifundo cha kidole kabla ya kuliamini. Nilimwomba wakati wa chai amkaribishe Liu kama mgeni aliyetoka ugenini.

"Ametoka wapi?" Shija akauliza.

"Misri. Ametoka kusoma habari za Misri."

"Madam, huyo bosi hajatoka hata hapo Katoro."

"Mkaribishe tu."

Basi saa ya chai Liu akatoka kwenye kontena bila karatasi, amesimama wima kama anapigwa picha ya pasipoti. Akasema, "Nimetoka Misri."

"Karibu, bosi!" zamu nzima ikaitikia, maana Shija alikuwa ameshawapanga, hata kwa salamu ya Kisukuma. "Mwangaluka! Za huko?"

"Nzuri."

"Mvua je?"

Liu akanitazama. Mimi nikatazama kikombe changu.

"Hakuna mvua," akasema polepole. "Kuna mto. Mto mkubwa unapanda, unashuka. Watu wanalima pembeni."

"Eee! Kama Nkome!" akasema mmoja aliyezaliwa huko ziwani.

"Wanafanya kazi gani hao?" Shija akauliza.

"Wanajenga kaburi. Kubwa. La mawe."

"La mtu mmoja?"

"Mtu mmoja."

"Mtu mmoja!" Shija akaweka kikombe chini. "Watu wote hao wanabeba mawe kwa ajili ya marehemu mmoja? Na ndugu zake wako wapi?"

Sijawahi kuona habari ya piramidi ikisomwa hivyo. Walitaka kujua mawe yalivutwaje, kamba zilikuwa za nini, aliyeumia alipelekwa wapi, na kama fundi mkuu alikula pamoja na vibarua. Mama Neema, aliyekuwa akimimina chai, akasimamisha birika hewani na kuuliza: "Na aliyewapikia ni nani? Maana jeshi lote hilo lisingenyanyua jiwe bila uji." Liu alikuwa akitoka jasho. Alirudi kwenye kontena mbio, akaisoma ile habari upya kutoka mwanzo, akifuata kila mstari kwa kidole. Hakuwa akitafuta jibu la kuchagua. Alikuwa akimtafutia Mama Neema mpishi.

Kuanzia hapo saa ya chai ikawa darasa. Kila siku mmoja alitoka ugenini. Fundi wa kuchomelea alitoka kwenye mji wa majini, akaulizwa mchana kutwa choo kinajengwaje juu ya maji. Fundi umeme alitoka kwenye michezo ya Wagiriki, na alipoeleza kwamba wanariadha walikimbia uchi, Shija alisema hiyo safari asirudie tena. Kiswahili chao kilikuwa cha mgodini na Kiingereza chao kilikuwa kinatambaa, lakini habari zilikuwa zinafika nzima.

Habari iliyotushinda ilikuwa ile ya Wachina wenyewe. Kitabu kilikuwa na kifungu kuhusu watu wa kale walivyogundua kutengeneza karatasi. Nilidhani itakuwa rahisi, nikawapa kama zawadi. Walianguka wote, wakaanguka vibaya kuliko siku yoyote. Hawakuisoma. Walijibu waliyofundishwa shule ya msingi, wakaandika na mambo ambayo kifungu hakikuyagusa, na wawili wakataka kunirekebishia kitabu.

"Ticha, hii kweli," Liu alisisitiza, akigonga meza. "Mimi najua!"

"Najua unajua. Lakini iko hapa?"

"Haiko. Lakini kweli!"

Nililala nikilifikiria hilo, na siku iliyofuata nikalipeleka kwenye chai. Ilikuwa siku mbaya. Liu alikuwa ametoka kwenye ukuta mrefu wa kwao, na Shija akamuuliza, "Waliojenga, wakiugua walitibiwa na nani?" Kifungu hakikusema lolote. Liu akajibu papo hapo kwamba kila kikosi kilikuwa na daktari, dawa, na kitanda.

Shija akamtazama. Kisha akasema taratibu, bila mzaha, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. "Bosi, hilo umelitunga."

"Sikutunga."

"Umelisoma?"

Liu akasukuma kikombe chake pembeni.

"Ukiwa juu na winchi, mimi niko chini," Shija akasema. "Nikikuuliza kwa simu kama baruti zote zimelipuka, na karatasi haijakuambia, utaniambia zimelipuka?"

Hakuna aliyemaliza chai yake. Liu aliondoka akiwa amekunja uso, na jioni hakuja darasani. Niliwaza mengi, kama mnavyonijua sasa. Niliwaza kwamba nimemvunjia heshima mbele ya watu wake. Niliwaza kuandika barua ya kuacha kazi, nikawaza pia ianze vipi. Asubuhi nikamkuta ndani ya kontena kabla yangu, ameketi na kile kifungu cha ukuta.

"Ticha," akasema, "shule yetu, swali lazima jibu. Ukiacha wazi, mwalimu anapiga."

"Na hapa kwetu ni hivyohivyo," nikamwambia. "Hata mimi nilipigwa."

Tukaanza upya. Nawapa hii bure, mtakaofundisha. Baada ya kusoma, mwanafunzi wangu hakuruhusiwa kusema "jibu ni hili". Alitakiwa kwanza kusema jibu linatoka wapi: kwenye karatasi, au kichwani mwake, au hakuna. Nilikuwa nikipenyeza maswali yasiyo na jibu katikati ya yenye jibu, bila kuonya. Ni kazi ngumu kuliko sarufi. Mtu mzima, fundi, mwenye watu wanaomtegemea, kumfanya aseme mbele yao kwamba hajui ni kama kumwambia avue kofia ya kazi shimoni. Wengine walilizoea haraka. Liu alichelewa. Midomo yake ilikuwa inatangulia. Mpaka karibu na siku ya mtihani alikuwa bado anateleza, mara apatie, mara ajaze pengo.

Msimamizi wa usalama alikuja kutoka Mwanza, mama mmoja mnene, mpole wa sauti, aliyevaa buti zenye tope lake mwenyewe, maana alikuwa ameshashuka shimoni kabla ya kunywa hata maji. Nilidhani atatumia karatasi za kazi. Akakataa.

"Hizo wameshazikariri," akasema. "Nipe hivyo vitabu vyako vya historia. Nitawapa wasichokijua, nione wanavyosoma. Na msikilizaji atoke kwenye zamu yake mwenyewe."

Kwa Liu akamchagua Shija.

Shija hakuwa na uwezo wa kuuliza swali jepesi, na sikuwa na ruhusa ya kusema naye. Niliwekwa kwenye kona ya kontena, nikatakiwa ninyamaze, adhabu kubwa kuliko zote kwa mtu wa aina yangu.

Kifungu kilikuwa kuhusu handaki la maji ambalo watu wa kisiwa kimoja cha Wagiriki walilichimba zamani, wakitoboa mlima kutoka pande mbili kwa wakati mmoja mpaka wakakutana katikati. Liu alisoma muda mrefu. Akarudisha karatasi mezani, akaifunika kwa kiganja, akamgeukia Shija.

"Nimetoka kisiwani," akasema.

"Karibu, bosi. Za huko?"

Akaeleza. Akaeleza vizuri, wadogo zangu, nami nilikuwa nahesabu vidole vyangu chini ya meza kwa furaha. Mlima, adui anayeweza kuziba maji yanayopita nje, vikundi viwili vya wachimbaji, patasi na nyundo. Shija akauliza walijuaje kwamba watakutana. Liu akasema walipokaribiana walipinda kidogo makusudi, ili njia moja lazima ikate nyingine. Akachora kwa kidole juu ya vumbi la meza. Shija aliutazama mchoro kama mtu wa kazi anavyotazama kazi ya mwenzake, akatikisa kichwa kwa heshima.

Kisha akauliza. "Hewa walipata wapi? Ndani huko, pande zote zimefungwa, na taa za moto zinakula hewa. Walivutaje pumzi?"

Nilikuwa nimekisoma kifungu hicho mara nyingi. Hakikuwa na neno lolote kuhusu hewa. Na nilijua kwamba Liu, baada ya miaka yote ya kufunga mafeni na mabomba shimoni, angeweza kumpa Shija jibu zuri, refu, lenye kuaminika, la kutunga. Niliona midomo yake ikifunguka. Niliona mkono wake ukianza kuchora bomba hewani.

Mkono ukasimama. Akainua kiganja kilichofunika karatasi, akaipitia tena yote, kidole chini ya kila mstari, wakati mama wa usalama akisubiri na Shija akisubiri.

"Karatasi haisemi," Liu akasema.

"Haisemi kabisa?" Shija akamkaba.

"Mimi nadhani walitoboa tundu juu. Mimi fundi, nadhani. Lakini karatasi haisemi."

Mama wa usalama akasogea mbele. "Na kama hii ingekuwa karatasi ya kazi ya leo," akamuuliza polepole ili amwelewe, "inakwambia upeleke watu chini, na haisemi hewa inatoka wapi. Unafanyaje?"

Safari hii hakuitazama karatasi. Alimtazama Shija.

"Hatuingii," akasema. "Nauliza kwanza."

Yule mama akaandika kitu kifupi, akafunga kalamu yake.

"Zamu yako inaanza saa ngapi?"

Liu akaangalia saa ya mkononi. "Imeshaanza."

Akavaa kofia yake. Shija akasimama, akamfungulia mlango wa kontena, akampisha atangulie.